Masikio ya Magunia ya Kilwa

Hii stori utaibishia, na mie nakuruhusu ubishe, ila usome kwanza mpaka mwisho. Mtu aliingia stoo iliyojaa mali, kisu mkononi, akakata magunia tisa, halafu hakuondoka na hata kibaba cha nafaka. Temeke hiyo, mwaka 1951, siku ya Jumanne.

Aliyegundua ni Hamoud, mwenye duka. Saa mbili asubuhi kafungua stoo, mguu ukateleza, akajikuta kakaa chini katikati ya ufuta. Sakafu nzima ufuta. Kelele zake zikatoa watu mpaka mtaa wa pili, na kabla ya saa tatu mchukuzi wake Gaudens, kijana wa Bukoba, alishapigwa kofi, alishapekuliwa, na mfukoni kilishatolewa kisu cha kukunja.

"Kisu cha nini hiki?" akauliza Koplo Kasiani, askari aliyeitwa.

"Cha kukatia kamba, afande. Na kumenyea chungwa. Kila mtu anacho."

"Mimi sina."

"Wewe una rungu, afande."

Watu wakacheka. Koplo hakucheka. Akasema lori la polisi linapita saa sita, na kama hakuna jipya Gaudens anapanda. Hapo ni miezi sita jela. Na hata akitoka, nani Temeke atambebesha mzigo mtu aliyeitwa mwizi?

Sasa Hamoud akamwita Tunu aje azibe magunia. Tunu ni mama wa makamo, mshona magunia, na sindano yake nene haimtoki mkononi. Hakuja kupeleleza. Lakini mtu akishashona magunia miaka ishirini, gunia likikatwa hawezi kulipita tu.

"Bwana Hamoud, umeibiwa nini?"

"Ufuta wote huo uko chini, bado unauliza?"

"Huo uko chini. Mie nauliza kilichoondoka."



Tunu akazunguka stoo. Mahindi ya Morogoro, mazima. Maharage, mazima. Yaliyokatwa ni magunia ya ufuta wa Kilwa peke yake, yaliyoshushwa jana yake jioni. Na yamekatwa masikio tu, zile pembe mbili za juu ambazo mshonaji huzifunga ili mchukuzi apate pa kushika. Masikio kumi na nane, na sakafuni halipo hata moja. Magunia ya Kilwa yalikuwa kumi, yana namba za rangi. La namba kumi halikuguswa. Masikio yake yamefungwa kwa kamba ya katani.

Akapitisha kidole kwenye mkato wa gunia la kwanza. Kidole kikatoka cheupe.

"Unga," akasema koplo.

Tunu akaonja, akatema. "Unga hauchomi ulimi. Hii chokaa, ile ya tambuu." Akamgeukia Gaudens. "Mwanangu, unakula tambuu?"

"Sijawahi, mama. Mie natafuna kahawa ya kwetu." Akatoa punje tano zilizofungwa kwenye jani kavu la mgomba. "Dada yangu Kokushubila ananitumia. Nikitafuna moja, naliona ziwa lile pale."

Koplo akakikunjua kisu cha Gaudens, akakinusa. Kinanuka chungwa. Weupe hakuna.

Basi macho yote yakahamia kwa mzee Masoud, mlinzi, ambaye midomo yake ni myekundu kwa tambuu kutwa nzima. Koplo akamshika bega.

"Shikamoo, babu," akasema Tunu. "Nionyeshe kisu chako cha kukatia popoo ya tambuu."

"Marahaba." Mzee akapanua kinywa. Hamna jino hata la dawa. Akatoa kijinu kidogo cha shaba. "Popoo yangu naitwanga. Kisu nikifanyie nini? Halafu mlango wa barabarani nimeulalia miye. Mtu akiingia stoo bila kunikanyaga, basi katokea uani."

Uani maana yake nyumbani kwa Hamoud. Hamoud akakunja uso. "Kwangu hakuna mwanamume mwingine."

"Nani kasema mwanamume?" akauliza Tunu.

Saa tano na nusu Tunu akapiga hodi uani, peke yake. Alimkuta Zubeida, mke wa Hamoud, kakaa mkekani na kijamanda chake cha tambuu. Zubeida ni mtu wa Kilwa. Ana miaka sita Temeke, na tangu mumewe agombane na shemeji zake, hajakanyaga kwao.

"Nikatie tambuu, mwanangu."

Zubeida akakunjua kisu kidogo chenye mpini wa pembe, akapaka nacho chokaa kwenye jani, akakata popoo. Ubavu wa kisu ulikuwa mweupe.

"Kisu kizuri."

"Cha mama. Alinipa siku naolewa. Hakitoki kwenye pindo la kanga yangu."

"Lori linakuja saa sita, Zubeida. Linamchukua mtoto wa watu."

Zubeida akavaa buibui, akachukua kifurushi chini ya kitanda, akamfuata Tunu stoo. Koplo alikuwa keshautoa umati nje na kufunga mlango; mbele ya waliobaki ndani, Zubeida akakifungua juu ya meza ya mizani. Masikio kumi na nane, kila moja limefungwa kwa kipande cha kanga moja ya zambarau.

"Nimekata mimi," akasema. "Mama anashona magunia kwa tajiri mmoja Kilwa. Hajui kuandika, na barua za kwetu mume wangu hapokei. Kila mzigo anafunga masikio kwa kanga yake, nijue yu mzima. Siku zote nafungua moja tu, nafunga tena kwa uzi, hakuna anayejua."

"Na jana?" akauliza Tunu.

"Jana nimefika namba kumi, la mwisho kushonwa, nikakuta katani. Mkono mwingine umemalizia. Nikaona hizi huenda ndizo za mwisho. Nikakata zote."

Hamoud akakaa juu ya gunia. "Mama yako yuko wapi sasa?"

"Ungepokea barua, tungejua."

Honi ya lori ikasikika. Koplo akafungua daftari. "Bwana Hamoud, jina la mhalifu niandike nani?"

Hamoud akamtazama mkewe, akasikiliza umati uliojazana nje ya mlango. "Andika panya," akasema kwa sauti ya chini. "Zubeida, funga mizigo. Kesho tunakwenda Kilwa." Kisha kwa Gaudens: "Nisamehe lile kofi. Kazi yako ipo. Ila nje usiwaambie. Mke wangu akianza kutajwa sokoni, hatanyanyua uso hapa tena."

"Panya wanakata kwa kisu, bwana? Watu watasema nimeiba mie, ukanihurumia."

Hamoud akainamisha kichwa.

Koplo akamrudishia Gaudens kisu chake. Kijana akatoka mlangoni, umati ukamzunguka. "Haya, mwizi nani? Au ni wewe, umesamehewa?" Nyuma yake, ndani ya stoo, Zubeida alikuwa anavikunja vile vipande vya kanga kimoja kimoja.

Gaudens akafungua mdomo. Haya msomaji, ungekuwa wewe, ungewajibu nini?