Titi Jipya la Mama Mikate

Mama Mikate alikuwa akikanda unga jikoni kwake. Kitambaa alichokikunja ndani ya sidiria kilikuwa kinateleza kila mara. Saratani ilikuwa imempokonya titi la kushoto. Matibabu yalikwisha, lakini hakuwa tena na hamu ya kujitazama kwenye kioo.

Siku hiyo mumewe alimsindikiza hospitali. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari kumtengenezea titi jipya kwa kipandikizi, yaani mfuko laini wa silikoni unaowekwa ndani ya kifua.

"Mama, unafanya kazi gani?" daktari aliuliza.

Mumewe akadakia. "Hana kazi huyu. Yuko nyumbani tu."

Asubuhi hiyohiyo bwana huyu alikuwa ameshiba mikate ya mkewe. Mama Mikate aliinamisha kichwa. Iliuma kusikia hivyo mbele ya watu.

"Basi kipandikizi tutakiweka chini ya msuli wa kifua," daktari alisema. "Ngozi yako si nene. Msuli utakifunika, kingo zisionekane."

"Msuli huo una kazi gani?" Mama Mikate aliuliza.

"Unakusaidia kusukuma na kukandamiza vitu kwa mikono."

Mama Mikate aliingiwa na hofu. "Daktari, mimi nakanda unga kila siku. Mtaa mzima unakula mikate yangu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Afadhali umesema. Kikiwa chini ya msuli, kila ukikandamiza unga titi litasogea, na linaweza kuuma. Mkono nao unaweza kupungua nguvu."

"Na kikiwa juu ya msuli?"

"Msuli hatuugusi. Ila ukiinama, kingo au mikunjo inaweza kuonekana. Kila njia ina kasoro yake. Ngoja nikupime tena."

Alimpima unene wa ngozi taratibu. Akasema inatosha kwa njia zote mbili, achague mwenyewe.

"Mimi naona chini ni bora," mumewe alisema. "Litapendeza zaidi."

"Baba watoto, wewe utalitazama. Mimi nitalifanyia kazi."



"Jambo moja, mama," daktari alisema kwa upole. "Popote tukikiweka, titi hilo huenda lisihisi kitu. Na kipandikizi hakidumu maisha yote. Utakuja kukaguliwa."

Mama Mikate alilia kidogo, kisha akachagua juu ya msuli.

Baada ya upasuaji, alipokuwa anauguza kidonda, mumewe ndiye aliyekanda unga. Wateja walivumilia mikate migumu. Alipopona na kuruhusiwa na daktari, Mama Mikate alirudi jikoni. Mikono ilikuwa na nguvu zake zilezile. Akiinama, ukingo ulionekana kidogo, naye hakujali.

Jioni moja kitindamimba wake alisinzia kifuani pake, upande wa kushoto. Mama Mikate hakuhisi chochote. Ilibidi amwekee mkono mgongoni ndipo ajue kuwa anapumua.