Njahi Kumi na Moja Kwenye Simu

Karambu ana miti thelathini na miwili ya avokado nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya Kaaga, mlimani kwa Wameru. Kila asubuhi huizunguka miti hiyo kabla ya kukama ng'ombe. Msimu huu imezaa hadi matawi yameinama.

Jumatano hiyo hakuzunguka. Aliketi jikoni na simu mkononi. Kampuni inayonunua avokado ilikuwa imetuma ujumbe: kila mkulima aingie kwenye akaunti yake na kujaza siku aliyonyunyiza dawa. Mwisho ni kesho saa sita mchana. Ambaye hatajaza, lori litapita kwake bila kusimama.

Karambu aliandika neno la siri. Kila herufi aliyoigusa iligeuka nukta nyeusi kama punje ya maharagwe. Mumewe, Murungi, alichungulia begani kwake akiwa na kikombe cha chai.

"Mama Kajuju, unapanda njahi kwa simu?"

"Nyamaza, nisikosee."

Alikosea. Simu ilimwambia amebakiza mara mbili, kisha akaunti itafungwa.

Akampigia binti yake, Kajuju, anayesoma chuoni Embu. Kajuju ndiye aliyemfungulia akaunti mwezi wa nane.

"Mama, ni jina la nyanya, kisha mwaka wake wa kuzaliwa," Kajuju alisema. "Anza na herufi kubwa."

"Ndivyo nilivyofanya."

"Basi umeruka herufi. Hesabu. Ni kumi na moja."

Karambu akaandika tena, polepole. Akahesabu njahi zake. Zilikuwa kumi na moja kamili. Simu ikakataa tena. Ilibaki mara moja.

"Jaribu hiyo moja," alisema Murungi. "Labda Mungu atasaidia."

"Mungu amenipa miguu," alisema Karambu. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba wake, akateremka hadi Makutano.

Pale Makutano kuna duka la kompyuta la msichana anayeitwa Faadumo. Watu watatu walikuwa wakingoja kwenye benchi. Karambu alisimama mbele ya meza.

"Mwanangu, simu inakataa paswadi yangu. Nimeandika..."

Faadumo aliinua mkono. "Usiitaje, mama."

"Sisi tumeziba masikio," alisema mzee Bundi kutoka kwenye benchi. Wenzake wakacheka.

Faadumo alimweka Karambu kwenye kiti cha pembeni, mgongo ukiwa ukutani.

"Unaona picha hii ndogo ya jicho, mwisho wa mstari? Ukiigusa, herufi zitaonekana. Ukiigusa tena, zinafichika."

Karambu alisita. "Si wao wamezificha? Nikizifichua si nitaharibu?"

"Hapana. Mama, mlangoni kwako kuna pazia?"

"Liko."

"Wapita njia wakiwa wengi, unalishusha. Ukiwa peke yako unachagua mchele, unalifungua upate mwanga. Nukta ni pazia. Zinazuia jicho la aliye karibu nawe. Lakini zinakuzuia hata wewe kuona kosa lako. Kwa hivyo angalia kwanza nani yuko nyuma yako. Hapa nyuma ni ukuta. Na mimi nageuka."

Akageuka kweli, akaanza kupanga karatasi.

Karambu aligusa jicho. Akaandika, na kwa mara ya kwanza akaliona neno lake: Nkerote1952.

"Liko sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Sioni kosa."

"Usibonyeze bado. Nani aliliandika mara ya kwanza?"

"Binti yangu."

"Una karatasi yoyote yenye neno hilo? Linganisha. Mimi usinionyeshe."

Karambu alifungua mkoba. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki ya mama mkwe wake, nyanya yake Kajuju, kwa sababu Karambu ndiye humchukulia dawa za presha. Aliiweka kando ya simu. Alipitisha kidole herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa katika darasa la ngumbaru, la watu wazima. Kidole kikasimama kwenye herufi ya tatu.

Kadi ilisema Nkirote.

Alicheka peke yake. Kule ngumbaru mwalimu aliwaambia waandike wanavyosikia, na yeye miaka yote amesikia e. Lakini Kimeru cha vitabu huandika i. Njahi zilikuwa kumi na moja kweli, ila moja ilikuwa mbegu nyingine.

Alirekebisha. Akagusa jicho, nukta zikarudi. Akabonyeza. Akaunti ikafunguka.

Alijaza siku za dawa zote, kisha akamwita Faadumo, akamweleza kosa lake la e na i.

"Sasa nataka kulibadilisha. Jina hili mlima wote unalijua. Hata mimi nilikaribia kulitangaza hapa."

"Chagua maneno matatu au manne yasiyohusiana, na namba katikati," alisema Faadumo. "Usichukue jina la mtu wa nyumbani. Na uyaandike kwa tahajia yako mwenyewe, hiyo hakuna atakayeikisia."

"Na e zangu zote?"

"Na e zako zote."

Faadumo aligeuka tena. Karambu alichukua muda wake.

Jumamosi lori lilisimama kwenye lango lao. Murungi mwenyewe alibeba kreti. Dereva alimwambia Karambu aingie kwenye akaunti yake athibitishe kwamba wamechukua mzigo.

Karambu aliketi kwenye kigogo. Aliangalia kushoto, akaangalia nyuma. Murungi alikuwa amesimama begani kwake.

"Baba Kajuju."

"Nini? Mimi ni mume wako."

"Na hizi nukta ni pazia langu. Nataka kulifungua."

Murungi alitazama simu, akamtazama mkewe. Kisha akageuka, akasimama nyuma ya mkewe kama ukuta, akiangalia barabara ili mwingine yeyote asichungulie.

Karambu akagusa jicho.