Mkate Uliokonda

Jogoo wa mtaa ule alikuwa mvivu. Aliyewaamsha watu ni mkate.

Kila alfajiri Mama Tanuri alikanda unga kwenye meza ndefu ya mbao, katika chumba cha nyuma. Alikanda kwa ngumi, kama mtu mwenye ugomvi na unga. Kisha aliuacha uumuke chini ya kitambaa, akaupanga kwenye makopo ya bati, akayasukuma makopo ndani ya tanuri la matofali. Tanuri hilo alijengewa na mumewe mwaka waliooana. Mumewe ni fundi rangi, si fundi matofali, kwa hiyo tanuri liliegemea upande mmoja kama mlevi. Lakini mkate wake ulikuwa mzuri. Harufu ilipotoka dirishani, watu walitupa shuka.

Asubuhi ya Alhamisi moja, aliyetangulia kwenye foleni alikuwa mshonaji, jirani wa nyumba ya tatu. Utepe wake wa kupimia ulining'inia shingoni, kama kawaida. Alipokea mkate. Akaupandisha na kuushusha mkononi. Kisha akavua utepe, akauzungusha kwenye kiuno cha mkate.

"Kumi na tano," alitangaza.

"Kumi na tano nini?" Mama Tanuri aliuliza.

"Inchi. Mwezi uliopita niliupima kwa mzaha, ukawa kumi na nane. Dada, huu mkate unaumwa?"

Foleni nzima ilicheka.

"Una mawazo!" alisema mmoja.

"Umeachwa na mchumba!" alisema mwingine.

Mama Tanuri hakucheka. Uso wake ulipata moto kuliko tanuri. Kwa wiki tatu alikuwa akinyofoa donge dogo la unga katika kila mkate. Bei aliiacha palepale. Hakumwambia mtu. Alidhani hakuna atakayejua.

"Kumbe unatupunja," alisema mshonaji, na sasa hakuwa anatania. "Basi bora tununue mkate wa kiwandani. Ule kiuno chake hakibadiliki."

Watu wanne waliondoka mikono mitupu. Jua lilipopanda, mikate kumi na mmoja ilikuwa bado mezani. Mama Tanuri hakuwahi kubakiwa hata na mmoja. Alijua wazi kwamba wiki mbili za namna hiyo zingetosha kulizima tanuri lake.

"Si mimi!" aliwaambia waliobaki. "Ni Mzee Mizani! Kila nikigeuka, unga wake umepanda. Anatunyonya yule!"

Mzee Mizani alikuwa muuza unga wa pekee hapo mtaani. Alipewa jina hilo kwa sababu ya mizani yake ya chuma, ambayo aliifuta kila saa kama mtoto mchanga. Sasa watu walipata wa kumlaumu, na roho zao zikatulia. Walikubaliana hapohapo. Jumamosi, saa nne asubuhi, wakusanyike mbele ya duka lake. Atangazwe kuwa mwizi. Asinunue mtu kitu kwake tena.

"Na atakayesema ni nani?" aliuliza mshonaji.

Wote walimtazama Mama Tanuri.

"Nitasema," alijibu. "Tena nitasema mpaka mizani yake ishike kutu."

Ijumaa mchana, honi ililia mara tatu nje ya nyumba. Alikuwa wifi yake Mama Tanuri, dada wa mumewe. Wifi huyu alikuwa dereva wa lori. Alichukua unga kutoka kiwanda cha kusaga kule bandarini, akaupeleka kwenye maduka ya miji mitano. Aliruka kutoka kwenye lori na viatu vyake vizito.

"Wifi, umekonda!" alisema.

"Na wewe umezeeka. Karibu ndani."

"Nimezeeka kwa kuwalisha ninyi. Nipe chai."

Waliketi mezani watu wanne: Mama Tanuri, mumewe, wifi, na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na meno machache na maneno mengi.

"Mwanangu mwenye lori," alimwambia binti yake, "nisaidie. Siku hizi nikitaka kulala napanda mlima. Nikitaka kushuka, natafuta wa kunishika mkono. Miguu yangu inaning'inia kama ya mtoto."

"Kwa nini, Mama?"

"Mama, chai inapoa," Mama Tanuri alidakia haraka. Kisha akageuza mazungumzo. Alimweleza wifi yake habari ya Mzee Mizani, tangu mwanzo mpaka mkutano wa kesho.

Wifi alisikiliza. Kisha akaomba mkate mmoja na kisu.

"Tazameni," alisema. "Tuseme mkate huu ni yale yote mnayolipa mkinunua. Huu ni mfano tu, si kipimo cha rula. Sasa tuugawe kwa wenye nao."

Alikata kipande kinene.

"Hiki ni cha mkulima wa ngano. Ngano yetu nyingi hutoka nchi za mbali. Mwaka huu huko mvua imegoma. Mavuno ni machache, na wanaoyataka ni walewale. Kitu kikiadimika, bei hupanda. Mzee Mizani ndiye aliyezuia mvua?"

"Hana uwezo huo," alisema fundi rangi. "Hata paa lake linavuja."

Wifi alikata kingine. "Hiki ni cha meli. Kuna vita katika njia yake, kwa hiyo meli inazunguka mbali. Safari ndefu, mafuta mengi. Na mafuta yenyewe yamepanda." Akakata tena. "Hiki ni cha pesa yetu. Ngano hununuliwa kwa pesa ya kigeni, na pesa yetu imepungua nguvu. Jana ulibadilisha noti nne kupata moja ya kwao. Leo unatoa tano. Ngano ni ileile, lakini kwako imepanda."

"Hapo nimeelewa," alisema Mama Tanuri polepole.

"Hiki ni cha kiwanda, kinataka umeme. Hiki cha ushuru. Na hiki ni changu, cha lori. Nikijaza tangi siku hizi, nafumba macho nisione mashine inavyohesabu." Alinyoosha kisu mezani. "Sasa turudi kwenye meli..."

Meli haikuwepo. Kwenye sahani kulikuwa na makombo tu.

"Mama! Umekula meli?"

"Ilikuwa inazunguka mno," alijibu mama mkwe, akijifuta mdomo. "Endelea. Cha kiwanda ni cha nani?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Wifi aliufunika ushuru kwa kiganja, akaendelea. Alikata kipande kikubwa na kumsukumia Mama Tanuri. "Hiki chako: hamira, chumvi, kuni, na mikono yako." Mkononi ulibaki ukoko wa mwisho, mwembamba kama ukucha. "Na hiki ndicho cha Mzee Mizani."

Mama Tanuri aliuchukua ule ukoko. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki tu?"

"Hicho tu. Humo hulipa pango na taa. Wifi, sikwambii wafanyabiashara wote ni malaika. Wapo wanaoficha mali ili bei ipae. Hao wapelekwe kwa wakaguzi wa biashara. Lakini usimwite mtu mwizi kabla hujaona ghala lake. Mimi la Mizani nimeliona. Ni tupu. Buibui tu ndiye mlinzi."

Fundi rangi alikuna kichwa. "Dada, hebu nieleze jambo moja. Mvua ni ileile, meli ni ileile. Mbona mtaa wa pili unga umepanda kidogo, na hapa kwetu umepanda sana?"

"Hata mimi linanishangaza," alisema wifi. "Mwezi jana nilimshushia Mizani mifuko hamsini. Hutosha mwezi mzima. Iliisha siku mbili! Lori langu hurudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ikabidi akanunue kwa mlanguzi kwa bei ya juu, na akodi mkokoteni wa kuuleta. Lazima apandishe. Ninachojiuliza ni kimoja. Mifuko hamsini imekwenda wapi? Mtaa huu mmezaa mapacha kila nyumba?"

Mama Tanuri alitazama kikombe chake kana kwamba kimeandikwa barua.

"Mimi najua mifuko minane ilipo," alisema mama mkwe. "Naipanda kila siku."

Waliinuka wote, wakaenda chumbani kwake. Kitanda kilikuwa juu, karibu na dirisha. Miguu yake minne haikugusa sakafu. Kilikaa juu ya mifuko minane ya unga, iliyofunikwa kwa shuka la maua.

"Mke wangu," alisema fundi rangi, "ulimwambia mama ni dawa ya mgongo!"

"Nilisikia unga utaadimika," Mama Tanuri alisema kwa sauti ndogo. "Nikanunua. Nikamnong'oneza mshonaji, kwa siri."

"Kwa siri!" wifi alicheka. "Siri ya watu wawili ni tangazo. Na yeye akamnong'oneza nani?"

Jibu lilijulikana. Mtaa mzima ulikuwa umenunua. Uliogopa unga kuadimika, na hofu yake ikauadimisha. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Wangekiona chumba hiki, wangesema ki uvunguni.

Wifi alifungua mfuko wa chini kabisa. Unga ulikuwa unatembea. Fukusi, wale wadudu wadogo weusi, walikuwa wameshajenga ukoo.

"Nimelala na wageni," alisema mama mkwe, "na hakuna hata mmoja aliyenisalimu."

Jumamosi saa nne, watu walijaa mbele ya duka. Mzee Mizani alisimama mlangoni, kitambaa cha kufutia mizani mkononi. Alikuwa amesikia.

Mama Tanuri alikuja na meza ndogo, mkate na kisu. Angeweza kunyamaza na kumwacha mzee abebe mzigo peke yake. Lakini yeye ndiye aliyeahidi kusema.

"Niliwaambia huyu ni mwizi," alianza. "Nilisema kabla ya kujua. Mzee wangu, nisamehe."

Watu walinong'ona. Alikata mkate mbele yao, kipande baada ya kipande, kama alivyofundishwa. Mvua. Meli. Pesa. Umeme. Ushuru. Lori. Mama mkwe alishikwa mkono na fundi rangi, mbali na meza. Mwisho Mama Tanuri aliuinua ule ukoko.

"Hiki ndicho kipande chako, Mzee."

Mzee Mizani aliutazama ukoko. Akautazama mkono wake mwenyewe. "Sasa nimejua kwa nini nimekonda kuliko mkate wako," alisema, na watu wakaangua kicheko.

"Ngojeni," alisema mshonaji. "Na mkate wenyewe? Nani aliukondesha?"

"Mimi," alijibu Mama Tanuri. "Nilipunguza donge, nikanyamaza. Na uvunguni kwa mama mkwe kuna mifuko minane. Nimesaidia kupandisha bei niliyokuwa nikiilalamikia. Sasa nimesema langu. Aliye na mifuko nyumbani ainue mkono."

Hakuna aliyeinua. Mtu alikohoa. Kisha mshonaji aliinua kidole kimoja.

"Mitatu," alisema. "Mmoja nimeushonea foronya. Wateja wanaukalia."

Baada ya hapo mikono ilipanda kama ya wanafunzi.

Siku ile hawakususia duka. Walikaa kwenye ngazi zake wakapanga. Kila nyumba itumie kwanza unga iliolimbikiza, usije ukaliwa na fukusi. Baada ya hapo, mtu anunue anachohitaji kwa wiki, na habari ya kuadimika aulize dukani kabla ya kuikimbilia. Mzee Mizani naye akaahidi kukusanya mahitaji ya mtaa na ya waokaji wa mitaa ya jirani, wajaze lori moja kutoka kiwandani, bila mlanguzi katikati.

Mama Tanuri alirudi nyumbani na kazi yake. Mfuko ulioharibika alimpa mfuga kuku. Kuku walifurahi sana, fukusi hawakufurahi. Kisha alijaribu kuchanganya unga wa ngano na unga wa muhogo, ambao wakulima wa karibu waliuuza na haukuhitaji meli. Mkate wa kwanza ulitoka mgumu kama tofali. Fundi rangi alisema kwamba sasa angeweza kunyoosha tanuri. Wa pili ulipasuka. Alipunguza muhogo: vikombe vinne vya ngano, kimoja cha muhogo. Huo ulitoka laini, na harufu yake ikamtoa mama mkwe chumbani.

Mwezi ulipoisha, bei ya unga dukani ilikuwa imeshuka. Haikurudi ilipokuwa mwaka jana, maana mkutano wa mtaa mmoja hauwezi kunyesha mvua ya nchi za mbali. Lakini ule mzigo waliojibebesha wenyewe waliutua.

Mumewe alimchorea kibao kwa rangi nyekundu, akakining'iniza mlangoni. Kilionyesha uzito wa mkate na bei yake. Bei ilikuwa imeongezwa kidogo, mchana kweupe, na sababu ikaandikwa chini.

Asubuhi hiyo foleni ilifika hadi nyumba ya tatu. Mshonaji alikuwa wa kwanza. Alisoma kibao. Alipokea mkate. Watu wote walisogea karibu alipovua utepe shingoni.

Akauzungusha. Akainama kusoma. Akanyanyuka taratibu, kama hakimu.

"Kumi na nane," alisema. "Na nusu."

Foleni ilipiga makofi. Mama Tanuri alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Hiyo nusu ni ya nani?" aliuliza mtu.

"Yangu!" ilijibu sauti kutoka chumbani. Mama mkwe alitoka mwenyewe, bila kushikwa mkono. Kitanda chake kilikuwa kimeshuka, na miguu yake ilikuwa sakafuni.