Nilifuta Ujumbe wa Binti Yangu, Nikaita Kuokoa

"Mama, nani amesoma ujumbe wangu?"

Binti yangu alisimama mlangoni, simu mkononi. Nilikuwa naanika nguo, nikajifanya sijasikia.

"Mama, naongea na wewe. Bosi amenipigia sasa hivi. Anasema jana alinitumia ujumbe niende kwenye usaili leo asubuhi. Amenisubiri mpaka saa tano. Mimi ujumbe sijauona."

Naandika haya ili mama mwenzangu asifanye nililofanya mimi. Binti yangu anashona sare za shule kwenye karakana. Nafasi ya msimamizi ilitokea, akaiomba. Mchumba wake anafanya kazi hapo hapo, wenzake wanamwita Pasi kwa sababu yeye ndiye mpiga pasi. Habari ile hakuipenda. Jioni ya jana yake, binti akiwa anaoga, Pasi alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Mama, huyu ameingiwa na tamaa, na tamaa ni dhambi. Akipata cheo atalisahau kanisa, na mimi atanisahau. Ujumbe wa bosi ukiingia, ufute. Tunamwokoa."

Mimi wasiwasi ndio ugonjwa wangu. Nikaiona harusi inayeyuka. Ujumbe ulipoingia kwenye simu ya binti, aliyoiacha mezani, nikaufuta, halafu nikapiga magoti kushukuru.

Basi nikamweleza binti yote. Hakulia. Alimwita Pasi, naye akaja.

"Kumbe nina tamaa," binti akamwambia.

"Nisamehe kwa ule ujumbe, lakini dini inakataza..."

"Subiri. Juzi mashine iliponishinda uliniambia nisikate tamaa, kukata tamaa ni dhambi. Leo kuwa nayo ni dhambi pia. Sasa hii tamaa niiweke wapi, kabatini?"

Nilitaka kucheka, nikaziba mdomo.

"Wewe unataka cheo tu," Pasi akasema.

"Nakitaka, sidanganyi. Nikianza kuringa nikemee, nitatubu. Lakini yule mjamzito anayeshona vifungo anasimama kutwa nzima. Miezi mitatu sasa namwombea kiti, na anayegawa viti pale ni msimamizi. Kuomba kiti kwa Mungu ni sawa, kuomba kazi ya kugawa viti ndiyo dhambi?"

Pasi akaangalia viatu vyake.

"Nikitaka ruhusa nitakuja kukuomba wewe," akasema polepole. "Wataniita mume wa bosi."

"Ahaa. Hiyo ni aibu yako, siyo dhambi yangu. Na umemsingizia Mungu."

Akavua pete ya uchumba, akaiweka mezani. Pasi akaondoka bila kuigusa.

Saa tisa ukaingia ujumbe wa Pasi. Binti alinisomea kwa sauti:

"Nipo kwa bosi. Nimemwambia kosa ni letu, mimi na mama. Amekubali uje kesho saa mbili. Usivae pete kwa ajili ya hili. Nimefanya kwa kuwa ni haki yako."

Kazi aliipata. Yule mjamzito akapata kiti wiki hiyo hiyo. Pete binti aliirudisha kidoleni, ila ndoa akaisogeza mbele miezi sita.

"Nataka nimwone kwanza akiitwa mume wa bosi na akiitika," aliniambia.

Pasi aliitika. Wenzake walimtania: "Leo pasi imepigwa pasi."

"Ndiyo, na nimenyooka," akawajibu, akaendelea na kazi.

Wamefunga ndoa Jumamosi iliyopita.

Mama mwenzangu, mimi sikuokoa mtu. Niliogopa mwanangu kuachwa, woga huo nikauvalisha nguo za dini. Mtoto akitaka kupanda, muulize anapanda kufanya nini huko juu. Ukishajibiwa, jiulize na wewe unaogopa nini.

Asubuhi ya harusi, nikimfunga vifungo vya gauni, nilimwomba tena msamaha.

"Nilishakusamehe, mama," akasema. "Kukuamini ndiko kutakakochukua muda."