Picha ya Mzee Mihambo Yafichwa Hewani

Saa kumi na mbili asubuhi kichoranuru cha mji wa Tabora kiliwaka, na juu ya kila paa ikachomoza picha ya blogu ya mwenye nyumba. Mwaka ule wa 2094 hakuna aliyehangaika tena na namba za milango. Mtu ulimtafuta kwa picha ya juu ya blogu yake, iliyochorwa hewani kwa nuru, pana kuliko nyumba yenyewe: hapa fundi baiskeli, pale bibi harusi, kule ng'ombe aliyevishwa jezi. Fundi Wande alikuwa amekihudumia chombo hicho miaka tisa, na bado kila asubuhi alisimama kukitazama.

Juu ya nyumba ya Kalunde, mfuga nyuki, hapakuwa na picha. Lilining'inia boksi tupu la kijivu.

"Wande mwanangu, fanya hima!" Kalunde alisema kabla fundi hajashusha begi. "Roketi inaondoka saa sita!"

Roketi hiyo, Kimulimuli, ilibeba blogu za Dunia kwenda kwa walowezi wa Mirihi mara moja tu kila miaka miwili. Nyamizi, binti yake Kalunde, alikuwa amejifungua huko mtoto wa kiume, akampa jina la babu yake, Mihambo. Huyo mzee Mihambo, baba yake Kalunde, hakupenda kamera maisha yake yote. Alipigwa picha moja: yuko juu ya mti, mzinga wa gome begani, anacheka, nyuki wamemjaa ndevuni. Ndiyo iliyokuwa juu ya blogu.

"Mjukuu wangu ataletewa boksi?" Kalunde aliuliza.

"Hataletewa boksi, mama. Tulia."

Wande alianza na mambo ya kawaida. Ukubwa wa picha ulikuwa sawa. Anwani yake ilikuwa sahihi, na faili lenyewe lilikuwepo, zima kabisa. Basi akafungua daftari la Mlinzihaki, akili-mashine iliyolinda heshima za watu mitandaoni, ambayo toleo lake jipya lilikuwa limewashwa usiku huo. Alisoma, akapiga kelele.

"Nimeipata! Picha imefichwa, hapa na kila mahali. Sababu: Pazi wa Kisarawe amemtuhumu huyu bwana kuwa mwizi wa asali mara mia tatu na kumi na mbili."

Kalunde alishika kiuno. "Si mtani wetu huyo!"

Pazi alikuwa Mzaramo, nao Wanyamwezi, makabila ya watani wa jadi wanaotukanana bila kukasirikiana. Kwa miaka thelathini na moja hakuna habari aliyoandika Kalunde bila Pazi kumtukana marehemu chini yake. Wande, naye Mnyamwezi, alimwandikia Mlinzihaki kwamba huo ni utani tu. Jibu lilikuja papo hapo: utani hauko kati ya sababu sita zinazokubalika.

Saa tano na robo wakampigia Pazi. Uso wake ukatokea ukutani, anatafuna muhogo.

"We Pazi, mzembe mkubwa, umenifichia baba!"

"Mwizi afichwe wapi, kama si huko?" Pazi alijibu kwa raha. "Leta kuku kwanza, nitafikiria."

Kwenye daftari la Mlinzihaki, hesabu ikapanda: mia tatu na kumi na tatu.

"Mzee, nyamaza!" Wande alisihi, huku kicheko kinamponyoka. Kisha akamsomea sharti. Pazi atamke kwamba maneno yake yote juu ya Mihambo yalikuwa uongo, nayo yatafutwa. Akirudia, popote mitambo inaposikia, picha itafutwa daima.

Pazi aliacha kutafuna. "Mimi niombe radhi kwa Wanyamwezi? Kalunde, hilo halijafanyika tangu enzi za misafara ya pembe."

"Ni kwa ajili ya mtoto, Pazi. Hajawahi kumwona babu wa jina lake."

Pazi aliweka muhogo kando. Halafu akajinyoosha kitini, akatamka neno kwa neno, kama anayekula kiapo.

Saa sita kasoro dakika nane boksi la kijivu lilipasuka kwa rangi. Mti ukatokea, kisha mzinga, kisha Mihambo mzima, anacheka juu ya mtaa. Majirani walitoka wakipiga makofi. Kalunde alipiga vigelegele, akamkumbatia Wande hadi miwani ikamtoka. Blogu ikapokelewa roketini, na saa sita kamili Kimulimuli ikaruka.

Wande aliporudi kwenye skrini aliyaona maoni ya Pazi yakifutika, moja baada ya jingine. Likapita lile la siku ya mazishi ya Mihambo, Pazi alipolala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka alipwe vizuri. Alifikiri amwambie Kalunde, lakini Kalunde tayari alikuwa anapiga simu.

"Pazi! Umeona? Yule mtani wako kapaa Mirihi!" Alisubiri matusi, tabasamu limemjaa.

"Nimeona," Pazi alisema taratibu. "Hongera sana, Bi Kalunde. Mungu amjalie mtoto afya njema."

Tabasamu lilimtoka Kalunde. Miaka yote hiyo Pazi hakuwahi kumwita Bi. Alifungua mdomo amjibu kama ilivyo desturi yao, akaitazama picha ya baba yake, akaufunga.

"Asante, Mzee Pazi," alisema, na machozi yakamdondoka.