Ujumbe wa Saa Kumi

Kila Jumamosi Josephina alifua sare zake mapema, kisha akaenda kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya umeme, Morogoro Mjini. Humo Mwalimu Fiza, binti wa mwenye duka, aliwafundisha wanafunzi sita kuandika programu za kompyuta. Josephina alikuwa kidato cha kwanza, na haraka yake haikuwa ya kawaida. Alitaka siku moja aajiriwe kama Mwalimu Fiza, aliyeziandikia programu kampuni za Dar es Salaam akiwa amekaa palepale dukani.

Mwezi huo alipewa kazi ya kweli. Mjomba wake, Laurenti, analima kabichi huko Mgeta pamoja na wenzake kumi na mmoja. Lori la mboga huondoka kule saa kumi na moja alfajiri, lakini si kila siku. Dereva angetaja siku, na programu ya Josephina ingewatumia wakulima ujumbe saa kumi, ili washushe mizigo barabarani. Kushuka mlima na tenga la kabichi kichwani si mchezo.

Josephina alikuta mtandaoni programu inayofanana na hiyo, akainakili yote. Kwenye sehemu ya saa akaandika 10, akajipongeza.

"Umeijaribu?" Mwalimu Fiza aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu," alijibu bila kupepesa macho. Hakuwa ameijaribu hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata, katikati ya somo, simu ya mwalimu iliita. Alisikiliza kidogo, akampa Josephina.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, ujumbe wako umeingia saa nne hii. Tumeshusha matenga yote, kumbe lori limeondoka tangu alfajiri. Honi tuliisikia. Nikawaambia wenzangu tulieni, hilo si letu, ujumbe wa Josephina haujaja."

Josephina alipigwa na butwaa. Kabichi za watu kumi na wawili, zimeshakatwa, zinapigwa jua barabarani! Na mjomba wala hakugomba, jambo lililomuumiza zaidi.

Mwalimu Fiza aliifungua programu, akaisoma mpaka sehemu ya saa.

"Umeandika kumi," alisema. "Kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kumi yake ni saa nne yetu ya asubuhi. Saa kumi ya alfajiri, kwake ni nne. Ungeijaribu mara moja tu, ungeona. Si uliniambia umeijaribu?"

"Nilidanganya, mwalimu," Josephina alisema, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu alimtazama kana kwamba hamjui. Kosa la saa lilikuwa limemsikitisha, hili lilimshtua. "Mwambie mjomba wako mwenyewe," akasema.

Alimpigia mjomba, akamwambia. Siku hiyo wakulima waliazima gari dogo, wakauza nusu ya kabichi mjini. Nusu nyingine ilinyauka, ikaliwa na mbuzi.

Josephina aliianza programu upya, akiiandika mstari kwa mstari mpaka kila mstari aweze kuueleza. Aliweka saa ya karibu, akakaa na simu ya mwalimu mkononi kuona kama ujumbe utaingia. Alirudia mara tano, Mwalimu Fiza akiwa amesimama nyuma yake. Ndipo akaandika 4.

Siku nyingine ya lori ilipofika, ujumbe uliingia saa kumi alfajiri. Asubuhi mjomba alipiga simu.

"Tumepakia yote," alisema. "Sasa nisikilize. Kukosea, hata mimi nakosea. Lakini huku kwetu mtu akikwambia njia inapitika, unajitwika mzigo na kumfuata, kwa sababu unajua yeye ameshaipita. Kazi yoyote utakayoifanya, usimwambie mtu njia inapitika kabla miguu yako haijaikanyaga."

"Nimesikia, mjomba."

"Haya. Ijumaa tunakata tena. Tutasubiri ujumbe wako."