Nafasi ya Mariya Kwenye Sinia

Jua lilikuwa limebakiza kidogo kuzama Rehmatbai alipomtuma binti yake chumvi.

"Nenda ua wa nyuma, kwa Bi Semeni. Yetu imekwisha."

Mariya alichukua kikombe akatoka mbio. Msichana wa chuo kikuu, amerudi jana kutoka Norwei alikosoma muhula mzima, anatumwa chumvi kama mtoto wa darasa la pili, naye anafurahi! Lakini msimcheke. Tangu aingie nyumbani, hilo ndilo neno la kwanza mama yake kumwambia. Hakukumbatiwa. Hakuulizwa hata kama kule kuna baridi. Sabuni alizoleta zilikaa mezani bila kuguswa. Ni kweli, mwaka ule wa themanini na saba sabuni zilikuwa zimeanza kurudi madukani, lakini sabuni ya mwanao ni sabuni ya mwanao.

Baba yake, mzee Jafferji, mwenye duka la misumari na rangi mbele ya nyumba ileile, ndiye aliyempokea stendi. Naye alimpokea kwa namna yake. Kwanza alimbana mkono, akaubonyeza kama anayechagua papai sokoni. Kisha akatoa punje ya chumvi mfukoni, akamtia mdomoni.

"Yasikika?"

"Yasikika, Baba," Mariya alijibu akicheka.

Alisema uongo. Hakutaka kumtia mzee wasiwasi siku ya kwanza. Tangu Machi, ulimi wake haukuwa ukisikia ladha ya kitu chochote.

Katika nyumba za Mabohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, watu hula sinia moja. Linawekwa juu ya kigoda, wote wanalizunguka, na mlo huanza kwa chumvi: kila mmoja anachovya ncha ya kidole, analamba, ndipo chakula kinaletwa. Zamani sinia la Rehmatbai halikuwa na pa kupenyeza goti. Kisha ikaja miaka ya foleni, ya kulala nje ya duka kusubiri unga. Aslam, kaka yake Mariya, akaenda Kanada, akasema ni miaka miwili tu. Juzer, kaka wa pili, akamfuata, naye akasema hivyohivyo. Hakuna aliyerudi. Ilipofika zamu ya Mariya, mama hakulia. Alisema tu, "Huyu nafasi yake siiachi ikapoa."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Rehmatbai alikataa. Kila magharibi alitandika mkeka mdogo mahali pa Mariya, akasogeza kile kisahani cha chumvi, akaita jina lake.

Na Mariya alikuwa akisikia. Huko Norwei, katika chumba chenye dirisha lililojaa theluji, kila jioni ncha ya ulimi wake ilipata chumvi. Hivi hivi tu, bila kula kitu. Alijua ni mama. Alikuwa akikaa kitandani, anaingojea, anaimeza pamoja na machozi. Jioni moja ya Machi upweke ulimzidi, akasema kwa sauti, peke yake, "Abee, Mama."

Chumvi ikakatika.

Haikurudi tena. Wiki iliyofuata alipiga simu dukani, mama akapokea. "Wapiga simu ya nini," mama aliuliza huku akicheka, "nawe umekaa hapa?" Mariya naye akacheka. Alidhani ni maneno ya mtu aliyemkumbuka mwanawe.

"Shikamoo, Bi Semeni," Mariya alisema akiingia ua wa nyuma na kikombe chake.

"Marahaba, mwanangu. Chumvi tena? Asubuhi nimempa mama yako kibaba kizima, chumvi ya Mkwaja, ya mawe. Mwaila au mwaizika?" Bi Semeni alikuwa anakoroga mchuzi, hakuinua uso. Ndipo akamwona vizuri. Lile koti la sufu. Ile midomo iliyopasuka kwa baridi.

Mwiko ukasimama.

"Umefika lini?"

"Jana, kwa basi la jioni."

"Jana..." Aliangalia ukuta unaotenganisha nyumba mbili zile, akashusha sauti. "Mbona mie nakusikia tangu kabla ya mfungo? Kila magharibi mama yako aita, nawe waitika. Mwacheka. Nikasema alhamdulillahi, mtoto karudi mapema."

Mariya alihisi baridi mgongoni, na haikuwa ile ya Norwei.

"Aliye safarini haitwi kwa jina jua likizama," Bi Semeni alinong'ona. "Nilimwambia mama yako. Akaniambia hizo ni imani zetu sisi Wadigo."

"Ni jini, Bi Semeni?"

"Jini hali chumvi. Hilo tumeambiwa na wote waliotangulia. Huyu aila. Aila mpaka yaisha." Akatikisa kichwa, akamjazia kikombe. "Mie sijui, mwanangu. Labda si mgeni. Labda ni kipande chako weye, kiliitika kule kikaja huku, nawe ukabaki na kilichobaki. Kimbia. Kakae pahali pako kabla mama yako hajaita. Jina likitoka, uitikie weye kwanza!"

Alikimbia. Chumvi ilimwagika njiani, nusu ya kikombe.

Chumbani taa ilikuwa haijawashwa. Kitambaa kilitandikwa, sinia tupu liko juu ya kigoda. Mama amekaa upande wake, ametulia. Baba hakuwepo, tangu Machi alikuwa akila na kulala dukani, na jana alisema ni kazi nyingi.

Mariya alikaa mahali pake. Mkeka ulikuwa wa moto, kama uliotoka kukaliwa.

Akavuta pumzi. Kulikuwa na harufu. Mafuta ya nazi yenye asumini... Ndiyo aliyokuwa akipaka nywele kabla ya safari. Tangu aondoke hakuyapaka tena.

Mama akapokea kikombe, akajaza kisahani. Adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa jirani.

"Mariya."

"Abee, Mama."

Sauti zilikuwa mbili.

Ile nyingine pia ilikuwa yake. Yake hasa, ile aliyoondoka nayo, nzito kidogo na yenye kicheko ndani. Nayo ndiyo iliyotangulia.

Mkono ukanyooshwa kando ya bega lake, kuelekea kwenye kisahani. Hakuthubutu kugeuka. Aliona tu mkono wa rida, lile vazi la wanawake wa Kibohora, rida yake ya zambarau aliyoiacha imetundikwa nyuma ya mlango. Akaona kidole gumba. Kilikuwa na kovu la pasi, lile alilolipata akiwa na miaka saba, siku mama alipolia kuliko yeye.

Mariya akatazama kidole gumba chake.

Hakikuwa na kovu.

Ule mkono ukachovya. Kikasikika kitu kikilamba, taratibu, kwa raha.

"Mama," Mariya alinong'ona. "Mama, ni mimi. Nitazame."

Rehmatbai alimtazama. Mara ya kwanza tangu jana, alimtazama sawasawa, na macho yake hayakuwa ya mwenda wazimu. Afadhali yangekuwa.

"Najua," alisema. "Nimekuzaa, nitakosaje kujua? Chuo kinafunguliwa lini?"

"Jumatatu."

"Na baada ya chuo?"

Barua ya kuitwa tena Norwei, miaka miwili, ilikuwa ndani ya sanduku la Mariya. Hakuwa amemwambia mtu.

"Unaona," mama akasema kwa upole. "Nyie wote ni wa kwenda. Huyu hajaniacha hata jioni moja." Akasogeza kisahani upande wa pili. "Inuka, mama. Umemkalia mwenzio."

Hakuna aliyemsukuma. Aliinuka mwenyewe, kwa adabu aliyolelewa nayo, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Alizunguka nje hadi dukani, akagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Baba! Ni mimi Mariya! Nifungulie!"

Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita. Vidole vya mzee Jafferji vilitokeza, katikati yake mna punje ya chumvi. Mariya akaipokea kwa ulimi.

"Yasikika?"

Alitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa amechoka, naye yule alikuwa baba yake, na mtu akishakosa mama humwambia baba kweli.

"Haisikiki, Baba. Tangu Machi haisikiki. Jana nilikudanganya."

Mkono ukarudi ndani polepole. Akasikia komeo, kisha komeo la pili. Nyuma ya mbao mzee alikuwa akilia kwa kwikwi.

"Nisamehe kama ni wewe, mwanangu," alisema. "Nisamehe sana."

Giza lilikuwa limeshaingia. Kutoka ndani ya nyumba Mariya alisikia sinia likipakuliwa, na mama yake akicheka, na yule mwingine akisimulia jambo fulani kuhusu theluji.